Mbwa wa Afande

Latif alisugua mikono kwa udongo, akaisuuza, akaisuuza tena na tena, huku amechutama nyuma ya kituo cha mafuta na kanzu yake nyeupe ameikunja mapajani. Baba yake mdogo, Kato, alimtazama kutoka kivulini.

“Kijana, tumekuja Mbale kuposa au kulima?”

“Usafi, baba. Usafi.”

Hakuwa anadanganya. Usafi ndio uliokuwa kazi yake, ila sentensi hakuimaliza. Latif alikuwa anaosha mbwa. Alikuwa na kipikapu kikuukuu chenye tangi la maji, mashine ya kukausha manyoya na mkasi wa kucha, akizunguka nacho kutoka Jinja hadi Mbale kwa watu wenye mbwa na nafasi. Wenye mbwa wakisafiri, yeye alibaki kuwalindia. Kwao Walukuba, mtaa wa Jinja, watu walimcheka mpaka wakachoka: mbwa anaogeshwa kwa shampuu ya nazi, na wao wanagawana kipande kimoja cha sabuni! Latif aliwaacha wacheke. Aliyemnyima usingizi alikuwa Hajji Sulait.

Hajji Sulait wa Nabuyonga alikuwa baba wa Twaibah, na Latif alimpenda Twaibah mpaka chakula hakipiti. Lakini mzee alikuwa na ugomvi na mbwa. Kila Ijumaa alipanda mimbari, na kipaza sauti cha msikiti kiliwatangazia Waislamu, Wakristo na mbwa wenyewe kwamba mnyama huyo ni najisi, na nyumba anamoishi malaika hawaingii. Mposaji wa kwanza wa Twaibah alirudishwa na sinia lake la zawadi kwa sababu alionekana akimtupia mbwa wa jirani mfupa. Mfupa tu, sembuse shampuu!

Na shetani hana likizo. Jumamosi hiyohiyo ya posa, Latif alikuwa na mbwa wa kulinda.

Mbwa aliitwa Prinsi, na alikaa kwa Khainza, mwanamke mwenye saluni ya nywele, mitaa miwili tu kutoka kwa Hajji. Khainza alikuwa amempigia simu.

“Latifu, mimi naenda kilio Soroti. Wewe utakaa na Prinsi.”

“Jumamosi siwezi, madamu. Mwambie mwenye mbwa akae naye.”

“Mwenyewe ako na wageni kwake siku hiyo, hawezi toka. Anasema wewe tu ndiye anaamini.”

Huyo mwenyewe Latif hakuwahi kumwona. Alijua tu kwamba huja jioni, na kwamba humletea mbwa maini, kitoweo ambacho Khainza hakipati kila siku. Alijua pia kwamba Prinsi hakusikia lugha nyingine ila Kiswahili. Khainza alimbembeleza kwa Lugisu, akamkaripia kwa Kiingereza, mbwa akampa mgongo. Latif alipotamka “keti”, mnyama akaketi palepale.

“Ni mwenyewe alimufundisha,” Khainza alisema, akacheka peke yake.

Latif hakuhitaji zaidi. Mbale, mtu anayeamrisha kwa Kiswahili ni mtu wa jeshi, na mtu wa jeshi haulizwi maswali. Tangu siku hiyo Prinsi akawa mbwa wa afande, akakatwa kucha kwa heshima zote. Sasa afande amesema mbwa alindwe Jumamosi, nani angekataa? Basi asubuhi Latif alimwogesha, akamchana, akamfunga uani kwa Khainza na mfupa mkubwa, kisha akaenda kujisugua udongo kuondoa najisi.

Sebule ya Hajji ilijaa wazee na harufu ya pilau. Hajji Sulait alikaa katikati yao, kanzu imenyooka, ndevu zimetiwa hina.

“Mwanangu, nasikia unajitegemea. Kazi gani?”

“Usafi, Hajji.”

“Mashallah. Usafi ni nusu ya imani.” Wazee wakaitikia. “Na wateja wako ni watu wa namna gani?”

“Wapole, Hajji. Hawana maneno.”

Nyuma ya pazia Twaibah alikohoa. Yeye alijua; shampuu ilinunuliwa dukani kwake, na ndiko walikojuana. Kato akatoa neno la posa, na kichwa cha Hajji kikaanza kuinama kukubali. Hapo wanawake wakapiga yowe jikoni.

Prinsi aliingia na kipande cha kamba shingoni, manyoya yanang’aa, ananukia nazi. Akapindua birika la chai, akakanyaga sinia la pilau. Wazee wazima walipanda viti. Walimfukuza kwa Lugisu, wakamfukuza kwa Luganda. Mwalimu mmoja mstaafu akajaribu Kiingereza cha darasani. Mbwa hakujali. Alikuwa anazunguka akinusa kanzu moja baada ya nyingine, akitafuta mtu wake.

Latif alijua anatafutwa nani. Akinyamaza, mbwa atamfikia na kumlamba mbele ya kadamnasi. Akitamka neno moja, mbwa atatii, na wote watajua. Kwa vyovyote Twaibah alikuwa anamponyoka.

Prinsi akageuka ghafla, akashika mbio upande aliokaa bibi yake Twaibah, karibu na Hajji, kikongwe aliyeshindwa kupanda kiti. Latif akasimama. Afadhali akose mke kuliko ajuza wa watu avunjike kiuno. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Aliwahiwa.

“Keti, Prinsi,” sauti ilisema, kwa upole wa mazoea. “Si nilikuambia baba anakuja jioni?”

Prinsi akaketi, mkia ukifagia miguu ya mwenyewe: Hajji Sulait.