Vidonge vya Bi Harusi

Pakiti ilikuwa chini ya mto wa kitanda cha arusi, na vidonge vitatu vilikuwa vimeshamezwa. Gusmiarti, mama wa bi harusi, aliusoma mara mbili mwandiko wa duka la dawa: maambukizi ya kibofu, kimoja kila siku adhuhuri, usikatishe.

Nikahi ilifungwa jana alasiri. Vidonge vilianza kumezwa siku tatu zilizopita. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu.

Jikoni alimvuta pembeni jirani yake Nurhelmi, mkunga.

"Dada, huu ugonjwa wa kibofu humpata nani?"

"Bora uulize nani haumpati! Wapange wanawake wa kijiji hiki mstari mmoja, nusu yao watakwambia wameshaugua. Maharusi ndio usiseme, usiku wa kwanza tu unatosha. Na wapo hata ambao huwezi kuwadhania, kama vile..."

"Basi, basi. Nimeelewa."

Akaenda nyuma ya nyumba, akaitupa pakiti kwenye bwawa la samaki, ambalo choo cha nyumba kilijengwa juu yake. Leo bi harusi na bwana harusi walitakiwa kukaa jukwaani tangu asubuhi hadi alasiri, mfalme na malkia. Binti yake Welda akiinuka kwenda msalani mara mbili tu, mama mkwe wake atauliza. Akiuliza atajua. Na akijua, watamchukua kijana wao warudi kwao, na binti yake wa pekee atabaki kuwa gumzo la soko zima.

Kwa hiyo kila glasi ya maji iliyofika kwa Welda, Gusmiarti aliidaka.

"Mama, nina kiu."

"Kiu haijawahi kuua bi harusi. Tulia, taji lisianguke."

Glasi akampa Hendrizal, bwana harusi. "Kunywa, mkwe wangu, joto hili si mchezo." Hendrizal akainywa yote, kisha akanywa na yake. Kijana mtiifu ajabu!

"Umelea, dada, umelea hasa," Gusmiarti alimwambia mama wa Hendrizal, aliyekaa naye mstari wa mbele. "Tangu asubuhi hajajitikisa."

"Kazi imemfunza. Basi analoendesha, kutoka hapa mpaka mji wa Pekanbaru, saa nane nzima, halisimami hata mara moja. Abiria wanampenda kwa hilo."

Kufika adhuhuri, jasho lilikuwa limelowesha kola ya Hendrizal. Chakula hakukigusa. Alipishanisha miguu, akaipishanisha tena, akauma mdomo. Maskini, ana haya ya ugeni, Gusmiarti aliwaza, na moyo wake ukamwonea huruma.

Kisha Welda akamnong'oneza mumewe kitu, akageuka, akamwita mama yake kwa kidole.

Gusmiarti akatikisa kichwa. Welda akaita tena, safari hii kwa mkono mzima. Mama akampa kisogo na kuanza kuisifu nyama, akaisifu mpaka mama mkwe akamtazama kwa mshangao. Stahimili, mwanangu, stahimili kidogo tu.

Ghafla ngoma zikakatika. Wageni wakaguna, "Loo!" Mapambo ya dhahabu yakalia jukwaani, kiti kikaanguka, mtu akashuka ngazi mbio. Gusmiarti alifumba macho. Ya Rabi, yamekwisha, ameinuka.

Alipoyafumbua, Welda alikuwa amekaa palepale, taji limenyooka kichwani.

Hendrizal ndiye aliyekuwa ameshawapita wapiga ngoma, vazi lake la kifalme amelikunja hadi magotini, anakimbilia bwawani.

"Mama, nakuita tangu saa sita," Welda alisema kutoka juu. "Vile vidonge vyake umeviweka wapi?"