Ndege Wenye Macho Mekundu

Mariette, jirani wa nyumba ya pili, alishika kichwa alipoona mkasi umeingia kwenye kitenge cha harusi.

"Dada, nguo ya ndoa yako unaikata juu ya kushikia sufuria?"

Marcienne aliendelea kukata. Alikuwa na mfuko mzima wa mabaki ya vitambaa aliyopewa na mafundi wa Base Camp, kwenye kambi yao ya wakimbizi. Aliyaunga vipande vipande, akatia blanketi kuukuu katikati, akapitisha cherehani juu. Mbele ya kila kishikio cha sufuria aliweka ndege mmoja wa kijani kutoka kitenge kile.

Wazimu? Hata kidogo. Siku ya harusi, yeye na mumewe Onesphore walivaa kitenge hicho, na mama mkwe alikuwa amewashonea ndege wote macho kwa uzi mwekundu, kwa mkono wake. Ndege wa namna hiyo ukoo mzima uliwajua. Kisha wakaikimbia Burundi, wakapotezana njiani. Vishikio viliuzwa Mbarara, na Marcienne aliomba kila siku kimoja kifike kwenye jiko la mtu atakayemwambia mumewe yuko wapi. Mtafutaji hachoki, watu husema. Yeye alikuwa amechoka, tena sana, ila angefanya nini?

Siku moja akapigiwa simu na Constance, Mkongomani aliyekuwa akiviuza vishikio vyake sokoni Mbarara.

"Kuko mama moja wa kwenu, Murundi. Anakamata byote bya ndege, hata kimoja haachake. Anaishi fasi ya Kakiika, hapa Mbarara."

Ni Ancilla, Marcienne akajiambia, dada yake Onesphore. Nani mwingine angevitaka vyote? Akaoga, akavaa nguo ya kanisani, akapanda gari. Njia nzima alilia kwa furaha, na hakuona haya.

Aliyemfungulia mlango kule Kakiika hakuwa Ancilla. Alikuwa mwanamke kijana asiyemjua, mtoto mgongoni. Uani, kwenye sigiri, kishikio kilikuwa kinaungua.

Marcienne alimwambia ndiye aliyekishona.

"Wewe ndiye fundi?" Mwanamke alimsogezea kiti. "Nisamehe, mama. Kazi yako ni nzuri, lakini lazima niichome. Onesphore wangu alipokiona cha kwanza alilia mpaka nikaogopa. Alisema mke wake wa kwanza alikuwa na nguo hiyo, na yeye aliambiwa mke huyo alikufa njiani. Nikamdanganya kwamba ni mabaki ya mitumba. Tangu hapo navinunua vyote, asikione kingine. Sasa ndiyo kwanza anaanza kucheka na mtoto. Nakuomba, mama, weka kitambaa kingine."

Marcienne alimtazama mtoto. Pua ilikuwa ya Onesphore.

"Nitaweka kingine, mwanangu," alisema, akaondoka kabla baba wa mtoto hajarudi.