Anampisha Nani

"Nimesema ingia, Baba Zuhura. Mbona unasimama tena?"

"Usinipigie kelele, Tatu. Mimi si mtoto wako."

"Mtoto angeshaelewa. Haya, toka, tuanze upya."

Shomari akatoka, akagonga. Mkewe kakaa mezani kama ndiye bosi wa intavyuu, na intavyuu yenyewe ni saa tatu asubuhi hii. Shomari akafungua mlango, halafu akasogea pembeni, kichwa chini, akampisha mtu asiyekuwepo. Miaka ishirini na mbili alimwendesha mzee mmoja na kumfungulia kila mlango. Sasa mzee kafa, wanawe wameuza gari.

"Wiki iliyopita kwenye intavyuu ya kule kiwandani si walikucheka kwa hilihili?" Tatu sauti ilishashuka. "Nyuma yako hakuna mtu, mume wangu."

"Najua."

"Basi ingia wewe."

"Nimekwambia najua."

Akachukua bahasha yake ya vyeti, akaenda mlangoni. Akaufungua, akasogea pembeni, akaushikilia. Tatu akaangalia chini. Ndipo Shomari akatoka, akaufunga polepole kabisa, kama vile mzee kasinzia siti ya nyuma.