Spea Hazipatikani

Siku ya tatu ya kazi, fundi alikwenda bombani kunawa mikono, na aliporudi kifuniko cha distributa ya injini hakikuwepo. Alikuwa amekiweka juu ya gunia, karibu na gurudumu la mbele. Gunia lilikuwepo.

"Panya," alisema mzee mwenye gari, akiwa ameketi mlangoni mwa banda. "Humu kuna panya wakubwa sana."

Mkewe alitoka jikoni akijifuta mikono. Alimtazama mumewe toka utosini hadi viatuni, akamwendea, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake na kutoa kifuniko cha distributa.

"Panya huyu anavaa miwani," alimwambia fundi. "Endelea na kazi."

Fundi hakushangaa sana. Alishawaona wengi wa aina hii. Gari likikaa muda mrefu, mwenyewe huanza kuliogopa: likiwaka, watoto watataka liuzwe, lisipowaka, ndio basi tena. Na hili lilikuwa limekaa miaka ishirini na saba juu ya mawe manne. Matairi yalikuwa yamepasukapasuka, petroli ndani ya tangi imekuwa gundi, na kwenye kiti cha nyuma kuku walikuwa wameangua vifaranga hadi vitukuu. Watu wakiuliza kwa nini halitengenezwi, mzee alikuwa na jibu moja: spea hazipatikani.

Fundi alizipata zote kwenye duka la pili aliloingia.

"Zote?" mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepewa taarifa ya msiba.

"Zote, mzee. Muuzaji anasema zimemjazia stoo, anatafuta pa kuzitupa."

Mzee alisimama, akakaa tena, akalalamika kwamba chai yake imepoa. Hakuwa na chai.

Kazi ikaendelea. Fundi alimimina oili kwenye silinda tone kwa tone, akaishika injini kwa spana na kuizungusha kidogo kidogo mpaka ikaachia. Tangi aliliosha mara nne. Kabureta aliikuta ina kiota cha nyigu. Akafunga matairi mapya na kuliteremsha gari kutoka kwenye mawe. Muda wote huo mzee, ambaye maisha yake yote alifanya kazi posta na hakuwahi kushika spana, alimfuata nyuma na ushauri.

"Usiikimbize, fundi. Injini hii ina hasira."

"Hapo usipaguse leo. Paache papumzike hata mwezi."

Mkewe, mwalimu mstaafu na ndiye aliyemwita fundi, alihamishia kiti chake bandani. Alichambua mchele huku akimkazia mumewe lile jicho la kusimamia mtihani. Tangu hapo hakuna kilichopotea tena.

Siku ya tano fundi alishindwa kuvumilia. Kila asubuhi mama alimuuliza litawaka lini; hakuwahi kuona mwenye haraka namna hii.

"Mama, kuna harusi?"

"Hakuna."

"Au mnaliuza?"

"Haliuzwi. Lina kazi moja tu, na imechelewa."

Mzee alipaliwa, akakohoa hadi akatoka nje.

Jumamosi mama aliwaita watoto wote watano. Wa kwanza, nesi wa miaka ishirini na sita, alitoka moja kwa moja zamu. Kitinda mimba alifunga utepe mwekundu kwenye kioo cha pembeni. Mwingine alishika simu tayari kupiga video, maana wote waliamini baba yao atalia kwa furaha.

"Baba, ingia uliwashe mwenyewe," alisema nesi.

Mzee alisema goti linamuuma. Binti akamkumbusha kwamba jana lilikuwa zima. Akasema amesahau kuendesha. Wakamcheka, wakamshika huku na huku, wakamkalisha nyuma ya usukani. Fundi aliona alivyouzungusha ufunguo nusu na kuurudisha, akamhurumia. Mapenzi ya gari nayo ni ugonjwa, aliwaza.

Gari lilikohoa. Likatema moshi mweusi, kuku wakatawanyika, likakohoa tena. Kisha likashika, likanguruma vizuri kabisa kama lililozimwa jana. Vigelegele vikapaa. Fundi mwenyewe alijipangusa jicho kwa tambara la oili, akajipaka weusi hadi sikioni.

Mama peke yake hakushangilia. Aliingia ndani, akatoka na begi la zamani la ngozi, akaliweka kwenye kiti cha nyuma na kufunga mlango taratibu.

"Mara ya mwisho baba yenu kukaa nyuma ya usukani huo," aliwaambia wanawe, "alikuwa na begi hilihili. Alikuwa ananiacha. Kwa kosa gani, siku hizi hata mimi sikumbuki. Gari likagoma. Akarudi ndani akaniambia nisifurahi, ataondoka likishatengenezwa."

Akamgeukia mumewe.

"Limetengenezwa. Nimechoka kuwa mke wa mtu anayesubiri gari. Uende au ubaki, leo nijue."

Watoto watano, wote waliozaliwa baada ya siku hiyo, walimtazama baba yao. Simu iliendelea kurekodi ardhi.

Mzee aliushika usukani, akiitazama barabara iliyokuwa mbele ya geti. Kisha akajinyoosha, akaufungua mlango wa upande wa pili.

"Basi panda," alimwambia mkewe. "Unataka niende kukuacha peke yangu?"