Kumkagua Mashauri

"Unakunywa?" Deo aliuliza kabla hata hawajavua makoti.

Mashauri, aliyeshika funguo za ukumbi, alijibu kwamba anakunywa chai. Deo akaandika.

Walikuwa wanne tu katika ukumbi ule wa kale wa maigizo, katikati ya Stockholm, uliokaa miaka mingi umefungwa mpaka ulipokarabatiwa. Kila Jumamosi Mashauri alitembeza wageni humo. Lakini hawa watatu hawakuja kuangalia ukumbi. Walikuja kumwangalia yeye. Alikuwa amepeleka kwao barua ya posa, na jibu alikuwa bado hajapewa.

Deo alikuwa dereva wa basi, mkazi wa kitongoji cha Fittja, mdogo wake marehemu mume wa Leokadia. "Nyumbani kazi hii ni ya wazee wa ukoo," aliwaambia ndani ya treni. "Huku mzee wa ukoo ni mimi, na kesho nina zamu. Tena tusimfuate kwake. Siku ya posa hata vikombe huwa vya kuazima. Tumkute kazini."

Leokadia alikuwa amefunga siku tatu kuliombea jambo hilo. Alikwisha sema: ukoo ukikataa, basi, hakuna harusi. Mwenye maneno alikuwa bintiye, Felicia, muuguzi wa hospitali ya Flemingsberg, ambaye alipita mlangoni bila hata kumsalimu Mashauri.

"Dari hii," Mashauri alianza, "ilipakwa rangi kwa brashi ndogo ndogo, miaka mitatu."

"Wewe ulikuwepo?" Felicia aliuliza.

"Nilikuwa seremala wao. Viti vyote unavyoviona nimevitengeneza mimi."

Deo alikalia kimoja, akajitikisa. Akahamia cha pili, akajitikisa. "Havilii," alisema, akaandika.

Wakapanda jukwaani. Mashauri akawaonyesha sanduku la mawe lililotumika zamani kutoa sauti ya radi. Akavuta kamba. Radi ikapita juu ya vichwa vyao, na Leokadia akafanya ishara ya msalaba.

"Una hasira?" Deo aliuliza radi ilipokwisha.

"Si za haraka."

"Za polepole ndizo mbaya," alisema Felicia. "Umewahi kuoa?"

"Niliwahi. Mungu alimchukua."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Alitibiwa wapi? Alikuwa anapewa dawa gani?"

"Felicia," Leokadia alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu watoke kwake Rinkeby.

"Mwache aulize, mama," alisema Mashauri. "Ana haki." Akajibu yote, mpaka majina ya vidonge.

Deo akafungua ukurasa mpya. "Misa unakwenda?"

"Kila Jumapili. Naimba besi kwenye kwaya."

"Besi mko wangapi?"

"Wawili. Mwenzangu hasikii vizuri."

Deo alifikiri kidogo, akaandika na hilo.

Mwisho Mashauri aliwaingiza katika chumba ambamo waigizaji walikuwa wakivalia, akawavutia viti vitatu, akatoka na kurudishia mlango ili wazungumze. Deo akasoma daftari lake. "Pombe, hapana. Kanisa, ndiyo. Kazi ya mikono anaijua. Shemeji, mimi kwa upande wa marehemu kaka sina pingamizi." Akafunga daftari. "Lakini neno la mwisho ni la Felicia. Yeye akisema hapana, tunavaa makoti yetu."

Leokadia alitazama sakafu. Mikono yake ilikuwa imeshikana.

Felicia aliinuka, akachungulia kwenye ufa wa mlango. Kule ukumbini Mashauri alidhani yuko peke yake. Alikuwa amepiga magoti kati ya safu za viti, ameinamisha kichwa, midomo inacheza bila sauti.

Felicia alimtazama muda mrefu. Deo alikohoa mara mbili. Leokadia hakuinua macho.

"Nilitoka nyumbani nimeshaamua kukataa," Felicia alisema hatimaye, akageuka. "Hata mume wangu anajua. Lakini basi, nimekubali. Harusi yako iwe ndogo tu, mama, na wajukuu zako nitawaambia mimi mwenyewe."