Mlio wa Gari la Vitumbua

Ubavuni mwa injini mlikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

"Bi Zuwena, si nilikwambia ule mlio ni ugonjwa?" alisema Fundi Machano. "Hii haitengenezeki tena. Tufunge nyingine, ninayo, haisikiki hata ikiwaka."

"Nisiposikika nitamuuzia nani?" Bi Zuwena alikuja juu. Kila asubuhi injini yake iligonga ko, koko, ko tangu mbali, na mtaa mzima ukatoka na mabakuli kungoja vitumbua. Honi hakuwahi kuipiga. "Itie kiraka!"

"Kiraka hakifiki hata pale kona, mama."

Bi Zuwena akaokota kipande cha chuma, kile kilichovunjika ndani ya injini kikaitoboa. Alikipima mkononi, akakigonga kwenye rimu ya gurudumu. Ko. Akatega sikio. Koko. Ko.

Ng'ambo ya barabara mlango ukafunguka. Kisha wa pili.

"Haya, funga hiyo bubu yako," alimwambia fundi, huku akicheka mpaka machozi, maana watu walikuwa wanavuka barabara na mabakuli yao, na garini hamkuwa na kitumbua hata kimoja.