Goti la Mama

Siku hizi chuoni kwetu, mwanafunzi wa fiziotherapia hafundishwi somo la kwanza mpaka abebe maumivu ya mgonjwa kwa siku saba. Unavaa mkanda, yanakuhamia. Ukiuvua, yanarudi kwa mwenyewe. Nilimchagua mama, maana goti lake, kwa maneno yake, lilimsumbua kidogo tu.

Siku ya kwanza nilitambaa kwenda chooni. Miaka tisa mama amepanda ngazi zetu na ndoo ya maji kichwani. Wiki hii amechuchumaa akifua, huku akiimba.

Leo ni siku ya saba. Ameketi kitandani, amefunua goti.

"Vua, Shemsa mwanangu," anasema. "Nimeshapumzika."

Nimeshika kifungo cha mkanda tangu asubuhi. Darasa linaanza saa nane.